Wifi kanipa furushi niliweke kwenye mabegi ninayotanguliza nyumbani, na sijui ndani kuna nini chote

BARUA

Shikamoo anti. Naomba jina langu usilitoe wala mji ninaokaa, huku Watanzania tunajuana na wifi yangu ni msomaji wako mzuri tu.

Mi ni mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, kwetu Tanga. Niko Uingereza nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee na mume wangu tuko naye hapa hapa. Mwezi ujao wifi yangu mdogo anaolewa nyumbani, mume wangu kanyimwa ruhusa kazini kwahiyo mimi ndo naenda kwa niaba yetu wote, na kila mtu kanitegemea mimi kwa kila kitu.

Sasa mgongo wangu sio mzima anti, kazi yetu ni ya kunyanyua na kugeuza watu, daktari kaniambia mizigo mizito niachane nayo. Alafu tiketi niliyopata ina begi moja la kilo 23 na naunganisha ndege njiani. Ndo nikaona bora mabegi mawili makubwa niyatangulize na hizi kampuni zinazokuja kuchukua begi mlangoni kwako zinalisafirisha kwa ndege mpaka Dar, mimi nakuja nyuma yake. Nimeshalipia. Wamenitumia fomu natakiwa kuandika kila kitu kilichomo ndani, kimoja kimoja na bei yake, niambatanishe na kopi ya pasipoti na nisaini kwamba nimepaki mwenyewe na hakuna kilichokatazwa. Orodha ya vilivyokatazwa ni ndefu jamani, pafyumu, spreya, rangi ya kucha, pawabenki na betri za peke yake, hela taslimu, dhahabu, pasipoti na vyeti, dawa, vyakula vinavyooza, pombe, na mengine hata sikuyaelewa. Mimi nilishapaki spreya za nywele na pafyumu zangu ikabidi nizitoe.

Tatizo lilianza nilipomwambia wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, yeye ndo wa kwanza kuzaliwa kwao, kwamba natanguliza mabegi. Kesho yake kaja na furushi limeviringishwa khanga mbili na selotepu kila upande, zito. Kaniambia ndani kuna pafyumu za bibi harusi, pawabenki kubwa ya baba mkwe sababu umeme ukikatika simu inazima hatumpati, na dawa za mama mkwe za magoti. "Na vitu vingine ni mambo yangu na mama, usifungue."

Hizo dawa anti ndo zinaninyima usingizi. Mama mkwe magoti yanamsumbua sana kushuka ngazi ni kazi. Wifi mwenyewe ana matatizo ya mgongo daktari wake anamwandikia tramadoli na zile za kodeini, dawa kali za maumivu, yeye anasema hazimalizi anaziweka kwa ajili ya mama. Mimi kazini hizo dawa nazijua, hatumpi mzee hata kidonge kimoja bila kuandika. Nikamwambia wifi kwa upole, hivi vitu vimekatazwa, nikamuonyesha na orodha kwenye simu. Hata hakuangalia. Kasema "hawa hawafungui, mi natuma mizigo miaka yote, we andika nguo za kuvaa imeisha." Nikasema ila jina ni langu. Akanyamaza kidogo alafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma, "ulivyokuja hapa na begi moja na kandambili kwenye baridi sikukuuliza kuna nini ndani ya begi lako."

Na ni kweli anti. Yule dada alinipokea. Nililala kwake karibu mwaka, alininunulia koti, alinionyesha basi la kupanda, alinifundisha kujaza maombi ya kazi, mtoto wangu alipozaliwa ni yeye aliyekaa na mimi hospitali sio mama yangu. Siwezi kusema ni mtu mbaya na sidhani kabisa kama anataka kuniingiza matatizoni.

Mume wangu nimemwambia, jibu lake "weka tu usimuudhi dada, we una wasiwasi sana." Basi. Furushi liko chini ya kitanda. Mabegi yanakuja kuchukuliwa wiki ijayo. Nikiweka naogopa, viza yangu ni ya kazi hii hii ya kea, kosa moja tu tunarudi wote. Nisipoweka nitaingia harusini nimeshatangulizwa kwa simu kwamba mke wa fulani amepata Uingereza akasahau alikotoka. Kuna wakati nawaza nilifungue usiku nitoe vibaya nilifunge tena, kuna wakati nawaza nimwambie nimeweka alafu niliache hapo chini ya kitanda. Vyote naona vibaya. Nifanyeje anti?

Wifi wa Tanga, Uingereza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya mgongo na pole ya hilo furushi chini ya kitanda. Kwanza barua yako imenifanya nikuheshimu, sababu ungeweza kuniandikia umchafue wifi yako na hukufanya hivyo, umeandika wema wake wote mpaka koti. Mtu anayeandika hivyo hatafuti sababu ya kumkwepa ndugu.

Nikikusoma naona una mambo mawili yamefungwa pamoja. Kuna deni la wema kwa mtu aliyekupokea, na kuna sahihi yako kwenye fomu. Wifi yako kayaunganisha siku ile alivyotaja kandambili, na tangu hapo kila ukiwaza sahihi unasikia deni, ukiwaza deni unaona viza. Twende polepole.

Umesema "vitu vilivyokatazwa" kama vile vyote ni kundi moja na uzito mmoja. Mi nadhani hapo ndo pa kuanzia, sababu vimekatazwa kwa sababu tofauti kabisa na kila sababu ina njia yake ya kutokea.

Pafyumu imekatazwa sababu ndani ni spiriti, inashika moto, na spreya ni gesi iliyoshindiliwa kwenye kopo. Kinachowachanganya watu wengi, na labda ndo kinamchanganya na wifi yako, ni kwamba pafyumu hiyo hiyo ukisafiri nayo wewe mwenyewe inakubalika kwenye begi lako la ndege, kwa kawaida chupa au kopo lisizidi nusu lita, na vitu vya aina hiyo vyote kwa pamoja visizidi lita mbili. Begi likishasafiri bila mwenyewe linakuwa mzigo wa kago, na sheria za kago ni kali kuliko za abiria. Kwahiyo mtu akikwambia mimi nimepanda ndege na pafyumu miaka yote anaweza kuwa anasema kweli tupu, ila habari yenyewe ni nyingine.

Pawabenki mambo yake ni kinyume. Hiyo hata kwenye begi lako la kilo 23 haitakiwi, inakaa na wewe mkononi ndani ya ndege. Betri za lithiamu zikiumia au zikipata shoti zinapata joto zenyewe, seli moja inawasha ya pili, ya pili ya tatu, na moto wake kuuzima ni kazi, sasa ikiwa kwako kitini watu wataona moshi na wahudumu watashughulika, ikiwa chini kwenye mizigo nani ataona? Mwaka 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliondoka Dubai, moto ukaanza kwenye mzigo uliokuwa na betri za lithiamu, marubani wakajaribu kurudi moshi umejaa hawaoni hata vyombo vyao, wakafa wote wawili. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimezuiwa kabisa kupakiwa kama kago kwenye ndege za abiria, na mabegi yanayotangulizwa kama yako mara nyingi yanapanda hizo hizo ndege za abiria. Sikuandikii kukutisha. Nakuandikia sababu wewe na wifi yako mnaongea kana kwamba hilo katazo ni usumbufu wa wenye kampuni tu, na mimi nataka ulione lilipotoka, labda hata maneno ya kumwambia yatabadilika.

Hela na dhahabu zenyewe hazina hatari kwa ndege. Zinakatazwa sababu zinaibika na bima ya mizigo hii kwa kawaida haizilipi, begi likipotea mwenyewe ndo kapotea nazo. Sijui kama humo ndani zimo ila neno "mambo yangu na mama" kwenye msimu wa harusi linanifanya niwaze kidani au noti za kumtunza bibi harusi. Inaweza kuwa ni kitu kizuri kabisa anachokuficha, na wewe usiku unawaza kibaya.

Dawa ni jambo la peke yake nitarudi kwake.

Sasa nikuulize mambo kidogo, usiyachukue kama lawama.

Unaamini wifi anajua hatari na kaamua kukuachia wewe. Je una hakika? Umesema mwenyewe hakuiangalia ile orodha. Watu wengi wa umri wake walizoea mizigo ya meli, ile ya kujaza pipa au boksi kubwa linaingia kwenye kontena linafika baada ya wiki nyingi, na waliweka humo kila kitu. Inawezekana kabisa miaka yote anayosema ni ya meli, na kwenye akili yake mzigo ni mzigo. Na hata kama alituma kwa ndege, kutofunguliwa hakuna maana haukuangaliwa, mzigo wa kago kabla ya kupanda ndege unakaguliwa, mara nyingi kwa eksirei, na pawabenki kwenye eksirei inaonekana vizuri tu, huhitaji kufungua zipu.

Unaamini pia kwamba kukataa furushi ni kukataa wema wake. Hapa naomba ukae upafikirie bila haraka. Alipokupokea alikupa vitu vyake, nyumba yake, hela yake na muda wake. Sasa hivi anachoomba ukibebe ni jina lako, na nyuma ya jina lako kuna viza, na nyuma ya hiyo viza kuna mumeo na mtoto. Mumeo ambaye ni kaka yake. Sidhani kama yule dada aliyekaa na wewe hospitali akiwekewa hesabu hiyo mezani atasema sawa endelea. Lakini sijui, wewe ndo unamjua. Ninachoona ni kwamba hiyo hesabu bado hajawekewa, umemwambia tu "jina ni langu" na yeye kasikia "sikuamini."

Na mumeo, yeye amesoma hiyo fomu? Au amekujibu huku anaangalia mpira? Nasema hivyo sababu mara nyingi wanaume wetu wakisikia wifi na mke wana jambo wanajibu la kumaliza kelele, hawajibu jambo lenyewe. Jaribu kumkalisha, simu iko wazi kwenye ule ukurasa wa sahihi, umwambie hapa inasema nimepaki mwenyewe na najua kila kilichomo, ungekuwa wewe ungesaini? Sio kwa kumshindanisha. Muulize kwa kutaka jibu kweli, unyamaze umsikilize.

Njia zilizopo mbele yako mimi naziona hivi.

Ya kwanza ni ile unayoiogopa, kuweka na kuandika nguo. Nikuambie kweli mara nyingi kinachotokea sio polisi, begi linazuiwa, kampuni inakupigia, kitu kinatolewa au begi linarudishwa na gharama ni zako, na gauni lako la harusi liko humo humo ndani. Ila kuficha kitu cha hatari kwenye mzigo wa ndege Uingereza ni kosa la jinai, na ukishasaini maandishi yasiyo kweli unapoteza hata ule utetezi wa sikujua. Mwaka 1996 kule Florida ndege ya abiria ya kampuni ya ValuJet ilianguka wakafa wote 110 waliokuwemo, mzigoni kulikuwa na vyombo vya kutengeneza oksijeni ambavyo karatasi zake ziliandikwa kwamba ni vitupu, kumbe havikuwa vitupu, vikawasha moto. Karatasi ya mzigo kuna watu roho zao zinaitegemea na hawatakujua jina.

Ya pili ni kulifungua usiku ulifunge tena. Naelewa kabisa unavyojikuta unaiwaza. Mi nahofia kwamba hiyo itakulinda na uwanja wa ndege lakini haitakulinda na wifi, sababu mama mkwe atapokea atapiga simu ya shukrani, ataulizwa dawa umepata, na hapo utakuwa umefungua siri zao na umenyamaza. Ile ya kusema nimeweka kumbe umeacha chini ya kitanda inafika pale pale, ila inachukua siku chache zaidi kufika.

Ya tatu, kufungua pamoja naye. Fomu yenyewe inakupa mlango, inataka kila kitu na bei yake na wewe bei za pafyumu zake huzijui. Unaweza kumwita, mpike chai, mtoto acheze pale, umwambie "wifi njoo tujaze fomu mi na wewe, siwezi kuijaza bila wewe." Kama kuna siri ya mama na mwana, mwachie nafasi akitoe hicho kitu mwenyewe akibaki nacho, wewe huhitaji kukiona kikishakuwa hakisafiri. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukataa, anaweza kususa akabeba furushi lake akaondoka kimya. Hilo linauma na sikuahidi halitatokea.

Ya nne ni kuligawa furushi kila kitu kipate njia yake. Pafyumu chupa mbili tatu zinaweza kuingia begi lako la ndege ukipunguza vya kwako. Pawabenki mkononi, lakini angalia maandishi yake kwanza, mwisho bila ruhusa ni wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), yani ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74 haina shida, ya 30,000 inafika 111 hiyo ni mpaka shirika la ndege likubali. Na mashirika yanatofautiana, Emirates kwa mfano tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege, kwahiyo kama una ya kwako ndo ushachagua. Kidani kama kipo unakivaa au unakiweka pochini. Hela anatuma mwenyewe kwenye simu ya mama inafika hata kabla hujapanda ndege. Ubaya wake ni mgongo wako na kilo zako, kila mtu akisikia umembebea wifi kesho watakuja wengine wenye vifurushi. Na hata hivi unavyobeba mwenyewe uvione kwa macho, pale kwenye dawati la ndege unaweza kuulizwa kama begi umepaki mwenyewe na kama kuna mtu amekupa kitu, ni swali lile lile la fomu.

Kuna na hii ya kwamba vingine havihitaji kusafiri kabisa. Pafyumu na pawabenki Kariakoo zimejaa, na Tanga mjini zipo. Najua utaniambia anti zawadi ya Uingereza ni zawadi ya Uingereza, na ni kweli, bibi harusi kupokea chupa iliyotoka kwa dada yake mbali sio sawa na kununuliwa barabara ya kumi na mbili. Basi labda pafyumu ndo ipewe kilo zako na pawabenki inunuliwe nyumbani. Hayo mtapanga.

Na mwisho anaweza kutuma kwa jina lake, na meli au kampuni yoyote anayoiamini, akajaza fomu yake mwenyewe. Hapa namna ya kusema ni kila kitu, ukisema "tuma mwenyewe" ni kofi, ukisema "wifi nitakusaidia kupaki nikujazie na fomu, mgongo wangu ukiruhusu tunakwenda wote" ni jambo lingine. Mzigo wa meli utachelewa harusi, hilo mkubaliane nalo.

Turudi kwenye dawa sababu hapa moyo wangu umekaa zaidi.

Hapa wala tusingezungumza kampuni ya mabegi peke yake. Tramadoli Uingereza iko kwenye dawa zinazodhibitiwa tangu 2014, kodeini nayo imo, mtu aliyeandikiwa kuzigawa kwa mwingine ni kosa hata kama mwingine ni mama yake mzazi, na Tanzania nayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inazifuatilia dawa za hospitali zenye asili ya kulevya. Hii sio ya kuhamishia mkononi kama pawabenki, mkononi ndo pabaya zaidi kwako. Kati ya vyote vilivyomo humo hiki ndo ambacho sikukionea njia, na wewe nadhani ulishajua hivyo kabla hujaniandikia.

Lakini weka sheria pembeni kidogo umfikirie mama. Wewe ni kea, wewe unajua mzee akipewa hizi dawa inakuwaje, kizunguzungu, usingizi wa mchana, choo kigumu, kuamka usiku kwenda msalani akaanguka. Mama mkwe anashuka ngazi kwa shida tayari. Anatumia dawa za presha? Za sukari? Nani anapima kiasi, yeye mwenyewe au mjukuu anayesoma boksi la Kiingereza? Wifi yako anaona mama ana maumivu na yeye yuko mbali, anajinyima vidonge vya mgongo wake ili mama apate nafuu, huo ni upendo mkubwa sana na naomba ukiongea naye uanze na huo upendo usianze na orodha. Umwambie na wewe magoti ya mama yanakuumiza. Alafu pendekeza kitu ambacho mnaweza kukifanya kweli, kwa mfano ukifika Tanga siku moja kabla au baada ya harusi umpeleke mama hospitali ya rufaa ya Bombo apimwe magoti, muulize daktari dawa gani zinaendana na anazotumia, muulize na mazoezi ya viungo, mumpigie wifi video mkiwa pale pale na yeye amsikie daktari. Wewe na yeye mchange gharama. Ukimpa hilo sidhani kama atasikia umekataa kumsaidia mama yake, ingawa huenda asikubali siku hiyo hiyo, watu wazima wanahitaji usiku mmoja wa kulala na jambo.

Kama kusema uso kwa uso kunakushinda mrekodie sauti, sio maandishi, maandishi ni makavu na yanasomwa vibaya. Mfano unaweza kusema: "Wifi, mi sijasahau ulivyonipokea na sitasahau. Hivi vitu nataka vifike, ndo maana nimekaa navyo nawaza kila siku. Kwenye hili begi wananitaka nisaini kwa jina langu na viza yetu wote mimi na kaka yako iko kwenye hilo jina. Naomba tukae tugawe, kipi nabeba mkononi, kipi tunatuma hela wanunue huko, na mama tumpeleke hospitali nikifika, uwe kwenye simu." Badilisha maneno yawe yako, yeye anajua unavyoongea.

Je watakusema harusini? Wanaweza. Kuna watu maneno hayawaishi hata ungefika na kontena zima. Lakini jiulize ni nani hasa unamwogopa pale, ni mama mkwe mwenyewe au ni mashangazi wa jikoni? Mama mkwe hujaongea naye hata mara moja kuhusu hili kwa ulivyoniandikia. Hujui kama anazitaka hizo dawa, hujui kama anajua zinakujaje. Simu ya kumsalimia tu na kumuuliza magoti yanaendeleaje na anatumia dawa gani sasa hivi haimsengenyi mtu, na inaweza kukupa habari ambayo wifi hana.

Kitu kimoja cha haraka: siku ya kuchukuliwa mabegi sio lazima ikubane. Kampuni nyingi za aina hii ukiwaambia mapema wanakusogezea siku, na ukiwapigia waulize hapo hapo vitu vyako vilivyobaki kimoja kimoja, krimu, mafuta ya nywele, hata vya zawadi, maana mali ya watu wengine na jora za vitambaa haziingii kwenye msamaha wa kodi wa vitu binafsi vya msafiri kule Dar, bora ujue kabla. Ukipata siku chache za ziada hutahitaji kumalizana na wifi kwa presha ya gari kusubiri mlangoni. Uniandikie mlipofikia, na mgongo nao usiuache, mwambie daktari wako kuhusu hiyo safari.